Aliyelala Nyuma ya Ubao

Mkono wa Mukunde ulikuwa na tabia yake, na tabia hiyo ndiyo iliyoleta haya yote. Ukiona alama ya penseli juu ya mbao, haumngoji mwenyewe aamue. Unachukua msasa, unafuta. Mimi simlaumu. Miaka kumi na moja alikuwa fundi wa msasa na vanishi kule Gisozi, kwenye soko la mafundi liitwalo Agakiriro, ambako maseremala wanakata upande huu, wachomeleaji wanachomelea upande ule, na vumbi la mbao linaingia hadi kwenye chai. Seremala huchora penseli kila mahali: hapa kata, hapa toboa, hapa mguu wa kushoto. Kazi ya Mukunde ilikuwa kuhakikisha haubaki hata mstari mmoja, maana penseli ikishafunikwa na vanishi, basi tena, utaiona mpaka kitanda kioze.

Kitanda chenyewe alipewa na Achille Ntakirutimana, seremala wa meza ya jirani, Mrundi mnene wa Bujumbura aliyeimba nyimbo za misa huku akipiga randa. Kilikuwa cha zamani, cha libuyu, ile mbao nzito ya Kongo. Bwana mmoja aliyehamia Ulaya alikiacha pale karakana. Kilikuwa cha mama yake marehemu.

“Mama Gaju,” Achille alimwambia, “mtoto ana miaka minane bado analala chini kwenye godoro. Chukua hiki. Vanishi utapaka mwenyewe.”

Mukunde alikuwa mjane, na Gaju ndiye mtoto wake wa pekee. Alishukuru mpaka Achille akaona haya, akarudi kwenye randa yake.

Siku mbili alihangaika na upande wa mbele. Siku ya tatu akakigeuza kile kichwa cha kitanda, ule ubao mpana unaokaa ukutani, ili apige msasa upande wa nyuma ambao haukuwa umewahi kupakwa kitu. Alikuwa akizungumza na Rwema mchomeleaji, anamcheka kwa viatu vyake vipya, huku mkono ukiendelea na kazi. Mkono ukaona penseli. Ukapita mara moja, ukapita mara ya pili. Ndipo Mukunde mwenyewe akatazama, akausimamisha.

Haikuwa alama ya fundi. Ilikuwa picha ya mtu amelala, mkubwa karibu sawa na mtoto, amelalia ubavu, magoti yamekunjwa, shuka limemfika kiunoni na nyayo zimechomoza chini yake, mkono wa kulia umewekwa chini ya shavu. Ilichorwa kwa penseli tupu, lakini ungeweza kuhesabu mikunjo ya shuka. Sehemu moja tu ilikosekana. Kuanzia paji la uso hadi juu ya pua palikuwa na mbao tupu, safi, imelainishwa vizuri na msasa. Kabla msasa haujapita mara ya pili Mukunde alikuwa ameona kwa pembe ya jicho vijipinde viwili vidogo. Yalikuwa macho yaliyofumbwa, na sasa hayakuwepo.

Karakana nzima ikaja kutazama. Mafundi wetu hawa mnawajua, kazi inaweza kungoja lakini maneno hayangoji.

“Huyu ni mlevi wa baa za Gisimenti,” Rwema alisema. “Angalia alivyojikunja. Iko baridi, na mke amemfungia mlango.”

Mwingine akasema ni mgonjwa. Mwingine akasema ni maiti, akaambiwa maiti halali kiubavu na magoti juu. Mukunde alisema ni mtoto, kwa sababu Gaju hulala hivyohivyo. Achille peke yake alijifuta mikono kwenye suruali, akaenda kunywa maji, na alipita upande wa pili wa meza ili asiupitie ule ubao karibu.

Mukunde aliiacha picha ilivyo. Aliona vibaya kufuta kitu kizuri kiasi kile, na upande wa nyuma nani atauona.

Jioni ya Ijumaa kitanda kilipandishwa mlimani mabegani hadi nyumbani kwake, chumba na sebule juu ya karakana, ambako aliishi na Gaju na Shangazi Mugeni, dada wa marehemu mumewe. Gaju alikipanda na kushuka mara ishirini. Siku ya pili, mtoto akiwa nje akicheza, Mukunde aliingia kufagia akasikia harufu. Haikuwa ya vanishi. Ilikuwa ile harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka sasa hivi, hajapiga mswaki, anakupumulia karibu. Akafungua dirisha. Akanusa shuka, likanukia sabuni. Akanusa mto, vilevile. Alipoinama kufagia nyuma ya kitanda, pale ilikuwa kali zaidi, tena yenye joto.

Akajiambia ni panya amekufa. Panya aliyekufa hanuki hivyo, na yeye alijua.

Jumatatu Gaju alirudi shule saa nane, akala, akajitupa kitandani. Mtoto huyu tangu anyonye hakuwa mtu wa kulala mchana. Shangazi Mugeni ndiye aliyekwenda kumfunika, akatoka upesi, akashuka hadi karakana bila kufunga hata kitambaa kichwani.

“Mama Gaju,” alisema kwa sauti ya chini, “njoo umtazame mtoto. Anakoroma.”

“Kukoroma si ugonjwa, shangazi.”

“Anakoroma na ananitazama.”

Walipofika, Gaju alikuwa amelalia ubavu, magoti yamekunjwa, mkono wa kulia chini ya shavu. Kifua kilipanda na kushuka taratibu, na koo lilikoroma kidogo, usingizi mzito wa mtoto aliyechoka. Lakini macho yalikuwa wazi. Hayakuwa yamelegea. Yalikuwa macho ya mtu mzima aliyekaa mahali muda mrefu akisubiri, nayo yalimtazama Shangazi Mugeni, yakamwacha, yakamjia Mukunde, yakamshuka hadi kwenye mikono yake yenye vumbi la msasa, na hapo yakatulia.

Mukunde alimtikisa mwanawe, akamwita, akampangusa uso kwa maji. Ilichukua karibu saa nzima. Gaju alipoamka macho yake yalikuwa yake tena, mekundu kwa usingizi, akauliza kama uji upo.

Kesho yake alilala kwa saa mbili. Keshokutwa alilala kwa saa nne, na mwalimu akapiga simu asubuhi ya Alhamisi kusema Gaju amelala darasani na wenzake wanalia kwa woga. Hospitalini daktari, kijana mpole, alisema kuna watoto ambao kope hazifungi sawasawa wakilala, si kitu, damu yake nzuri, mpeni matunda. Mukunde alimwambia kwamba macho yale yanafuata mtu chumbani. Daktari akamtazama yeye Mukunde badala ya mtoto, akamuuliza analala saa ngapi kwa siku.

Akamhamishia mtoto kwenye godoro sebuleni. Haikusaidia. Akakishusha kitanda chote karakanani, na hapo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu siku hiyo Gaju hakuamka kabisa, saa sita, saa kumi, mpaka giza likaingia, macho yakitazama mlango ambapo kitanda kilipitishwa, na Rwema na wenziwe walipokirudisha kwa mbio na kukisimamisha mahali pake ndipo mtoto akapiga chafya na kuomba maji.

Sasa kulikuwa na sauti pia. Kila Gaju akilala, nyuma ya ubao kilisikika kitu kinakwaruza, kwaru, kwaru, kinapumzika, kwaru, kwaru tena, na Mukunde, ambaye sauti hiyo ndiyo iliyomlisha miaka kumi na moja, hakuhitaji kuambiwa ni nini. Ilikuwa sauti ya msasa. Mtu alikuwa akipiga msasa kwa ndani.

Akakivuta kitanda kutoka ukutani, akapiga magoti. Picha ilikuwa vilevile. Basi akafanya kama afanyavyo kazini akitaka kujua mbao imelainika au bado: alifumba macho akapitisha vidole, kwa sababu macho hudanganywa na mwanga lakini vidole havidanganywi. Vidole vikapita kwenye goti la penseli, kwenye shuka, kwenye bega, mbao baridi, mbao baridi, mbao baridi, vikafika pale alipofuta, na pale mbao ilikuwa na joto na unyevu kidogo, na chini ya vidole vyake, polepole, kitu cha mviringo kikageuka kutoka kushoto kwenda kulia, namna jicho linavyogeuka chini ya kope.

Hakupiga kelele. Alitoka nje akaviosha vidole kwenye mfereji, akakaa hapo mpaka Achille alipomkuta.

Achille alikuwa amekuja kusema. Alisimama mbele yake, kofia mkononi, jasho likimtoka.

“Nisamehe, Mama Gaju. Yule bwana wa kitanda aliniachia neno. Alisema, pakeni mbele tu, nyuma musiguse, mama yangu alikatalia watu wasiguse hata kwa kitambaa. Nilicheka. Nikasahau kukwambia. Nikakuja kukumbuka siku ile umekwisha futa.”

“Ukanyamaza.”

“Ego, ndiyo. Nikanyamaza.”

Mukunde alitaka kumpiga. Alikuwa na nguvu ya kumpiga, mikono ya msasa si mchezo. Lakini mtu mnene yule alikuwa akilia bila kujifuta, na mtoto alikuwa ndani amelala tangu asubuhi.

“Nani anajua mambo haya?” alimuuliza.

Achille alimjua mmoja. Mnadhani atakuwa kizee mwenye chetezo na tasbihi ndefu, sivyo? Alikuwa Liliane, msichana wa miaka thelathini na kitu, mwenye saluni ndogo Gisimenti, kazi yake kubandika kope na kuchonga nyusi. Bibi yake wa Biryogo aliondoa majini maisha yake yote, na kabla hajafa alimwachia mjukuu mkoba. Liliane aliuficha chini ya rangi za kucha.

Walipofika saluni Achille aliambiwa angoje nje, wanaume hawaingii. Mukunde akamsimulia yote, akatoa simu, akamwonyesha picha ya ubao aliyoipiga kabla ya kutoka. Liliane aliitazama kwa muda mrefu, akiivuta kwa vidole ionekane kubwa, akaipeleka chini ya ile taa yake ya kubandikia kope.

“Nani alikuambia huyu analala?” aliuliza.

“Si unaona mwenyewe.”

“Mimi kutwa nzima natazama watu wamefumba macho, dada. Mtu akilala kweli, vidole vinalegea. Tazama huu mkono wa shavuni. Umejishika. Na vidole vya miguu, ona, vimekaza. Huyu hakulala. Alilazwa.” Akasogeza picha. “Tena tazama mstari. Penseli haijanyanyuliwa hata pahali pamoja. Imeanza kisiginoni, ikapanda mguu, mgongo, bega, ikaja usoni. Vile unabembeleza mtoto, unaanza kumpapasa miguu. Huyo mama alikuwa anamlaza jini, na mwisho kabisa akamfumba macho. Macho ndiyo yalikuwa kufuli.”

Mukunde aliitazama mikono yake.

“Nimemfungua,” alisema.

“Umemfungua macho tu. Mwili wake bado uko usingizini. Sasa anaona na hawezi kuamka, na hiyo inamtesa. Kwa hiyo anatumia mwili wa anayelala karibu yake. Anapiga msasa polepole ajitoe mzima.”

“Akitoka mzima?”

Liliane alizima taa. “Leo anaazima mtoto. Akitoka mzima haazimi tena, anachukua.”

Kulikuwa na njia moja. Aliyefuta ndiye achore, kwa penseli ya seremala, siku hiyohiyo. Lakini macho hayachorwi kutoka hewani. Lazima yawe ya mtu aliye hai, yachorwe yakiwa yamefumbwa, na usingizi wa mtu huyo ndio utakaomshika jini. Mwenyewe atabaki hana.

“Kabisa?”

“Kabisa. Na siku mtu huyo akisikia usingizi, ajue mwingine ameamka.”

Mukunde akafikiria watu. Shangazi Mugeni, mzee, angekufa kwa mwezi mmoja. Achille angekubali, tena kwa furaha. Lakini Achille alikuwa na watoto watano nyumbani, na kazi ya msumeno wa umeme. Liliane mwenyewe alikuwa ametazama pembeni. Gaju ndiye pekee ambaye asingeruhusu hata wazo limguse.

“Nitachora yangu.”

“Huwezi kuyaona macho yako yakiwa yamefumbwa, dada. Kioo hakikusaidii.”

“Mimi mbao siitazami,” Mukunde alisema. “Naigusa.”

Walifika mlimani saa tisa, mvua ya masika ikipiga mabati hivi kwamba ilibidi wasogeleane kusikilizana. Achille aliachwa sebuleni pamoja na Shangazi Mugeni, wakishika rozari. Gaju alikuwa amelala, macho wazi, na tangu Mukunde alipoingia macho yale hayakumwacha. Liliane alikaa miguuni mwa kitanda akaishika miguu ya mtoto kwa mikono miwili. Mukunde akakivuta kitanda, akapiga magoti nyuma ya ubao na penseli yake bapa, na hapo ule mkwaruzo ukakoma, harufu ya mdomo ikajaa chumbani, na Gaju, bila kuacha kukoroma, akasema.

“Mama Gaju.”

Ilikuwa sauti ya mtoto wake, lakini Gaju hajawahi kumwita mama yake hivyo.

“Usimjibu,” Liliane alinong'ona.

“Mama Gaju, wewe una mkono mzuri. Ulinifuta usoni kwa upole. Malizia. Nimelalia mkono huu miaka arobaini, umekufa ganzi. Futa mkono tu. Sitaki kingine. Futa mkono niukunjue, nijipindue, nilale upande wa pili.”

Na lililo baya, ambalo Mukunde alilikiri baadaye, ni kwamba alimhurumia. Mtu yeyote aliyewahi kuamka na mkono uliokufa ganzi angemhurumia, na sauti ilikuwa ya mwanawe, ikiomba kitu kidogo vile, na mfukoni mwa aproni msasa ulikuwepo kama siku zote, na mkono wake, ule wenye tabia yake, ulikuwa tayari umeshuka kutoka kwenye penseli kuelekea mfukoni kabla hajautambua na kuurudisha. Akafumba macho. Akaweka vidole vya mkono wa kushoto juu ya kope zake mwenyewe, akazisikia zinavyotetemeka, akapima pale zinapoanza puani na pale zinapoishia, na mkono wa kulia ukaweka penseli juu ya mbao yenye joto. Akaupinda mstari wa kwanza, sauti ikimwita mama sasa, mama, si Mama Gaju tena, mama nisaidie, akaupinda wa pili, akaongeza nywele za kope moja baada ya nyingine kama vidole vilivyomwambia, hadi sauti ikawa nzito, ikakatika katikati ya neno, na chini ya penseli mbao ikapoa.

Upande wa pili wa ubao Gaju alifumba macho. Alilala dakika kumi hivi, akaamka, akamwona Liliane ameshika miguu yake, akamuuliza kwa adabu yeye ni nani.

Usiku huohuo Mukunde alipaka vanishi upande wa nyuma, tabaka tatu, picha yote, ili pasitokee tena mkono mwingine wenye mazoea. Kitanda kikarudi ukutani. Gaju akarudi shule. Na mama yake akajinyoosha kwenye godoro, akafumba macho, akakuta ndani hamna kitu.

Miezi saba. Najua mnasema mtu hawezi. Hata Mukunde alisema hivyo wiki ya kwanza. Alifumba macho na kungoja, asubuhi ikaingia. Akajaribu maziwa ya moto, akajaribu dawa za duka, zikamlegeza miguu tu, kichwa kikabaki wazi. Ikabidi atafute la kufanya, akaosha kuta, akakunja na kukunjua nguo za mtoto, akapiga msasa viti vya jirani bila kuombwa. Karakana ilimsifu kwamba anafanya kazi ya watu wawili. Alianza kuwaonea wivu watu wa ajabu: dereva wa pikipiki aliyesinzia juu ya tangi, mtoto mchanga mgongoni, mlinzi kwenye kiti chake. Aliwasimamia kuwatazama mpaka wakashtuka. Akakonda, macho yakaingia ndani, mikono ikaanza kuacha mistari kwenye vanishi.

Lakini Gaju alikuwa akicheka. Kila alfajiri Mukunde aliketi kando ya kitanda kile akimtazama anavyolala, kope zimefungana vizuri, na hapo hakujutia.

Achille ndiye hakuvumilia. Yeye alijua nusu. Mukunde alimwambia kwamba alitoa usingizi wake. Lile onyo la mwisho la Liliane alilificha, kwa sababu mwanaume yule tayari alikuwa akijitesa, ameacha hata kuimba. Alhamisi moja ya Novemba alikuja kwenye benchi la Mukunde.

“Mama Gaju, mtoto si amepona?”

“Amepona.”

“Na kile kitu si kimekwenda? Basi kinachobaki kwenye ubao ule ni usingizi wako tu. Na vanishi si inachubuliwa?”

“Usithubutu, Achille.”

Hapo angemweleza. Alifungua kinywa amweleze, lakini Rwema alikuja kuuliza makopo ya rangi, na baada ya Rwema akaja mteja, na kichwa cha mtu asiyelala hakishiki mambo mawili. Likampita.

Jumamosi, saa tisa na kitu, Mukunde alikuwa akipiga msasa mlango wa kabati. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye benchi lake, la joto zuri. Akapiga mwayo.

Hakuelewa mara moja ni nini. Ulianzia nyuma ya masikio, ukamfungua taya lote, ukamtoa machozi, na nyuma yake kikaja kitu kitamu hivi kwamba alicheka kwa sauti. Kope zilikuwa nzito. Shingo ilikuwa nzito. Tangu masika hakuwa amesikia utamu huo, na kwa muda wa pumzi moja alifurahi tu, mnyonge wa Mungu.

“Ehe,” Rwema alisema, “leo hata Mama Gaju anasinzia.”

Furaha ikamtoka. “Achille yuko wapi?”

“Amepanda kwako tangu saa nane. Amechukua msasa wa namba sitini, ule mkali. Amesema anakwenda kukuletea zawadi.”

Shangazi Mugeni alikuwa harusini. Gaju alikuwa peke yake nyumbani, na saa hizo, baada ya chakula, Jumamosi, alipenda kujilaza kidogo.

Mukunde alikimbia. Rwema, aliyeona uso wake, alimfuata. Kutoka karakana hadi nyumbani ni ngazi mia na kitu za mawe na kona tatu, na alizipanda mbilimbili, akipiga mayowe ya jina la mwanawe ambayo katikati yake yaligeuka miayo, akijifinya mapaja, akijiuma mdomo hadi damu, lakini miezi saba ya usingizi ilikuwa imemrudia kwa mkupuo mmoja na ilikuwa ikimvuta magoti, na kwenye kona ya kwanza alishika ukuta, kwenye kona ya pili alitambaa, na hapo, juu ya ngazi yenye jua, akiona paa la nyumba yake kabisa, alisema, “Nakuja, nakuja,” akaweka kichwa chini.

Haya yaliyobaki yeye hakuyaona. Ni Rwema aliyeyaona, na tangu siku hiyo Rwema hafanyi mzaha na mtu.

Alimkuta amelalia ubavu, magoti yamekunjwa, mkono wa kulia chini ya shavu. Akamtikisa, akampiga makofi, akamwita. Mama mmoja aliyepita na kapu alisema, “Mwache, sha, amechoka,” akatoa kitenge chake akamfunika hadi kiunoni. Simu ikalia kwenye aproni ya Mukunde. Ilikuwa namba ya Achille. Rwema akapokea, akasema haraka, Achille, shuka, Mama Gaju ameanguka. Akasikia mtu mnene akikoroma, karibu kabisa na simu, kama aliyepitiwa na usingizi mara tu alipobonyeza namba.

Mlango wa nyumba ukafunguka kule juu. Gaju akatoka, miguu mitupu, akashuka ngazi bila haraka. Akafika, akainama, akamtazama mama yake usoni, akampangusa vumbi la mbao kwenye kope kwa kidole gumba, taratibu sana.

“Mumwache alale,” akasema.

Kisha akasimama, akashuka kuelekea mjini, akiukung'uta mkono wa kulia, akikunja vidole na kukunjua, akikunja na kukunjua, damu irudi.